NASAHA KUHUSU UPIMAJI WA KUMBUKUMBU ZA WAZEE



Ni ada njema ya Zanzibar mzee kuheshimiwa hadi mwisho wa uhai wake. Hata hivyo, anapoanza kusahau, aghalabu husemwa: "Uzee huo," na jambo likaishia hapo. Neno hilo laweza kumnyima mzee matibabu anayostahiki.

Ipo hali iliyo kati ya usahaulifu wa kawaida na maradhi ya dimenshia, nayo huitwa upungufu mdogo wa utambuzi. Mwenye hali hiyo hurudia maswali, husahau miadi na hukawia kulipata neno. Lakini bado hupika, huuza dukani na huijua njia ya msikitini. Baadhi huendelea hadi dimenshia, wengine hubaki vivyo hivyo kwa miaka, na wapo wanaorejea hali yao ya kawaida.

Hali hiyo huchunguzwa kwa maswali na kazi ndogo ndogo. Kipimo cha MMSE kilichapishwa mwaka 1975, na cha MoCA, kilichotungwa Montreal, Kanada, mwaka 2005. Kila kimoja kina alama 30. Katika MoCA, alama 26 na zaidi huhesabiwa kuwa za kawaida, na mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja. Nyongeza hiyo ni ndogo kwa bibi ambaye hakupata kushika penseli.

Lugha nayo ina hatari yake. Katika MoCA mzee huambiwa achore saa yenye kuonesha, kwa hesabu ya Kizungu, kumi na moja na dakika kumi. Kwa Mswahili hiyo ni saa tano na dakika kumi. Agizo likifasiriwa neno kwa neno, mzee mwenye akili timamu atauelekeza mshale mfupi kwenye tano, naye atahesabiwa amekosea.

Kwa sababu kama hizo, kipimo cha IDEA kilitayarishwa kwa watu wasiojua kusoma, na kilifanyiwa kazi katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Humo mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kibiriti kwa kufuata mfano.

Ndugu Wananchi, alama ndogo si hukumu. Ni sababu ya kuchunguza zaidi. Usikivu hafifu, uoni hafifu, huzuni ya muda mrefu, maradhi ya tezi la shingo, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa huweza kudhoofisha kumbukumbu, na mengi kati ya hayo yana tiba.

Watumishi wanakumbushwa kusema na wazee taratibu, mahali penye utulivu, na kuuliza kwanza juu ya skuli, masikio na miwani. Jamaa wanaombwa wasiitumie alama ya kipimo kumtenga mzee na maamuzi ya nyumba au shamba lake. Vilevile Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70, hutolewa kwa umri na ukaazi, si kwa wepesi wa kukumbuka.

Mzee anayesahau apelekwe kituo cha afya mapema, akifuatana na mtu anayemjua vyema, na dawa zake zote zichukuliwe.