Hukumu Isiyotimizwa ni Karatasi Tupu



Mfanyakazi aliyenyimwa mshahara na tajiri wake huenda mahakamani. Akishinda, hupewa hukumu. Lakini hukumu hailiwi. Tajiri akikataa kulipa, lazima atumwe mtu akadai, na ikibidi akamate mali na kuiuza. Mtu huyo ni dalali wa mahakama. Hapendwi, nami sikuja kumsifu. Nimekuja kusema kwamba ada yake lazima ifuatane na bei za vitu.

Tutazame Uingereza, kwa kuwa desturi nyingi za mahakama za Afrika Mashariki zilitoka huko. Kabla ya 2014 ada za madalali wao zilitofautiana kwa aina ya deni, na mdeni hakujua vizuri anatozwa nini. Tarehe 6 Aprili 2014 England na Wales zikaanza viwango vipya. Kwa madeni ya kawaida, hatua ya barua ilikuwa pauni 75. Dalali akifika mlangoni, pauni 235. Mali ikienda kuuzwa, pauni 110. Deni likizidi pauni 1,500, iliongezwa asilimia 7.5 ya kile kilichozidi katika hatua mbili za mwisho. Anayelipa yote hayo ni mdeni.

Jambo hilo lilikuwa jema. Kosa likaja baadaye: viwango viliachwa palepale. Kufika 2023 bei zilikuwa zimepanda kwa karibu asilimia 30. Pauni 75 zikanunua vitu ambavyo mwaka 2014 vilinunuliwa kwa pauni zisizofika 60. Mwaka huo serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 5. Kwa pauni 75, hiyo haifiki hata pauni 4!

Mtaniuliza: je, tumwongezee mzigo mdeni maskini? Nauliza nami: dalali akibanwa, atambana nani? Barua ikiwa hailipi gharama yake, atashawishika kukimbilia mlangoni, kwenye ada kubwa zaidi. Na madeni madogo, kama mshahara wa yule mfanyakazi, yatawekwa kando. Mnyonge ataumia akiwa mdeni, na ataumia akiwa mdai.

Basi nasema hivi. Ada itazamwe kila mwaka kwa kipimo cha bei kinachotangazwa na serikali, ipande kidogo kidogo, wala isingojee miaka tisa. Na kile kiwango cha deni kinachoanza kutozwa asilimia nacho kipande kwa kipimo hicho hicho. Maana kikisimama, deni lililokua kwa sababu ya bei tu litaanza kutozwa asilimia. Haki haina mizani mbili. Tena viwango vibandikwe wazi, na dalali anayezidisha hata senti moja anyang'anywe kibali.

Ada halali inayotosha ni kinga ya mnyonge. Ada isiyotosha humfungulia mlango mwizi.