Pikapu Yenye Kutu: Itengenezwe au Iachwe?



Nimeombwa kuzungumzia jambo linalowasumbua wengi katika pwani yetu, kuanzia Feri hadi Bagamoyo. Mtu ana Toyota Hilux ya miaka ya 1990. Injini bado nzima, lakini kutu imeila. Fundi anamwambia gari litarudi kuwa jipya. Mshirika wake katika biashara anamsihi aliuze. Fedha iliyopo ni mkopo wa kikundi, na marejesho yatadaiwa, gari litembee au lisitembee. Afanye nini?

Uamuzi huo hautolewi na injini, wala hautolewi na rangi. Hutolewa na chasisi. Basi shilingi ya kwanza isitoke kabla chasisi haijakaguliwa.

Pikapu ya namna hiyo ina chasisi iliyo mbali na bodi: mihimili miwili mirefu ya chuma, iliyounganishwa kwa mihimili ya kukingama, na juu yake kebini na sanduku la mizigo hufungwa kwa bolti. Mlango ukioza hubadilishwa. Sakafu ikitoboka, hukatwa na kuchomelewa bati jingine. Chasisi ndiyo inayobeba injini, springi na mzigo wote. Ikikatika safarini, hata dereva hodari hana la kufanya.

Na biashara ya samaki huionea chasisi kuliko biashara nyingine. Kutu huhitaji chuma, maji na hewa. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na kazi ya kutu ikaenda mbio. Maji ya samaki yenye chumvi ya bahari hutiririka kupitia matundu ya sanduku, yakaangukia chasisi na kuingia ndani ya mihimili, ambayo sehemu kubwa ni mitupu kama bomba. Humo hukutana na tope lililoganda, yakakaa siku nyingi bila kukauka. Ndiyo sababu mhimili huweza kuoza kutoka ndani huku nje ukionekana una kutu nyepesi tu.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Gari lioshwe chini kwa maji baridi, liachwe likauke, kisha liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga mhimili hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi ikisukumwa huzama. Kaeni zaidi nyuma ya kebini, mahali chasisi inapopanda kuupisha ekseli ya nyuma, na pale springi zinaposhikiliwa. Mahali mabamba mawili yalipokutana, tazameni kama yameachana: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huyasukuma mabamba yakavimba. Paipu za breki nazo ni za chuma. Zikiwa na magamba, zibadilishwe bila majadiliano.

Kama kutu iko katika bodi tu, au chasisi imeliwa mahali pamoja padogo pasipobeba springi, matengenezo yana maana. Ikiwa imetoboka karibu na vishikio vya springi, au pande zote mbili, ushauri wangu ni kuliachia gari hilo njia. Najua kauli hii haipendezi. Lakini kiraka cha bamba huhitaji chuma kizima cha kukishika pande zote. Kikichomelewa juu ya chuma kilichooza, kimefunika tundu tu.

Hata watengenezaji wameyakuta haya. Mwaka 2008, nchini Marekani, Toyota ilianza kuyanunua tena magari ya Tacoma ya miaka ya 1995 hadi 2000 ambayo chasisi zake ziliharibiwa na kutu.

Tukija kwenye hesabu, wekeni makadirio ya fundi kando ya bei ya pikapu nyingine nzima ya aina hiyohiyo, kisha ondoeni kile mtakachopata mkiuza hili kama lilivyo, kwa injini, gia boksi na chuma chakavu. Msisahau siku za gari kukaa gereji bila kuingiza kitu. Kutu hujionyesha yote baada ya kukatwa. Makadirio ya mwanzo, hata yakitolewa na fundi mwaminifu, mara chache hupungua. Kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi kwamba chasisi itashughulikiwa kwanza na kulipiwa peke yake, na kwamba fundi atasimama na kuwaita akikuta zaidi. Puti na rangi ni za mwisho kabisa. Anayetaka kuanza na rangi mwulizeni sababu. Kabla ya kuchomelea, tangi la mafuta liondolewe na betri ifunguliwe.

Wapo wanaofikiria kubadilisha chasisi nzima. Kumbukeni kuwa namba ya chasisi ndiyo iliyoandikwa katika kadi ya gari, na katika Hilux nyingi imegongwa kwenye mhimili wenyewe. Nendeni TRA kwanza, ndipo mlipe, la sivyo mtakuwa na gari zima lisilo na utambulisho.

Neno kwa wanunuzi: gari la zamani ambalo chini limepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa lazima ligongwe nyundo kabla ya kusemwa bei. Muuzaji akikataa, ondokeni. Na mfanyabiashara anayelificha kovu hilo kwa maneno ya udanganyifu anavunja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, pamoja na risiti na picha.

Hapo nje ipo pikapu iliyoinuliwa juu ya stendi, na mwenyewe ameturuhusu tuigonge. Nyundo zipo sita, tupeane zamu.