Viatu Hivi Sivitaki

Mwaka 1989 watazamaji wa televisheni nchini Marekani walikuwa wakioneshwa tangazo la viatu vya kupandia milima vya kampuni ya Nike. Ndani yake walikuwamo wanaume wa Kisamburu, kutoka kaskazini mwa Kenya. Kamera inamsogelea mmoja wao, naye anasema maneno machache kwa Kimaa. Hapo hapo, kwenye skrini, linatokea andiko la Kiingereza: Just Do It, yaani Fanya Tu, kaulimbiu ambayo kampuni ilikuwa imeizindua mwaka mmoja tu kabla. Mwanaanthropolojia mmoja Mmarekani, Lee Cronk, aliyekuwa amefanya utafiti Kenya, alikielewa Kimaa kile. Yule bwana alikuwa akisema viatu hivi havitaki, apewe vikubwa.

Msemaji wa kampuni alipoulizwa, akakiri kwamba hawakudhani kuna mtu Marekani angeelewa.

Watu wengi huisimulia habari hii kwa kicheko. Lakini msikilizaji, itazame tena. Mtu amesema jambo lake waziwazi, kwa lugha yake, na mwenye fedha amemwandikia maneno mengine. Kwa muda mrefu ndivyo kampuni hii ilivyowatendea wengi walioitajirisha.

Ilianza kwa unyonge. Januari 1964 Phil Knight, aliyekuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Oregon, na kocha wake Bill Bowerman, walitoa dola 500 kila mmoja, wakaagiza raba za Onitsuka Tiger kutoka Japani. Knight akawa anaziuza viwanjani, kwenye mashindano ya riadha, akizitoa kwenye buti la gari lake. Mwaka 1971 raba zao wenyewe zikapata jina la Nike, mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale. Ile alama ya tiki ilichorwa na mwanafunzi, Carolyn Davidson, aliyelipwa dola 35. Hisa alikuja kupewa miaka 12 baadaye. Mwaka huohuo Bowerman aliingia jikoni kwake, akachukua mashine ya mkewe ya kuokea wafo, ile mikate bapa yenye vishimo vya mraba, akamimina mpira wa maji ndani yake ili apate soli inayoshika ardhi. Mpira ukaganda, mashine ikagoma kufunguka. Hakukata tamaa, na soli ile ikaja kuuzwa dunia nzima.

Kisha akaja mchezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan, aliyesaini mkataba mwaka 1984. Tangu hapo raba ikawa fahari ya kijana, hata kwa asiyejua kurusha mpira.

Ila Nike haikuwa na desturi ya kumiliki viwanda. Iliagiza viatu kwa wenye viwanda, na mishahara ilipopanda Japani, kazi ikahamia Korea Kusini na Taiwan. Ilipopanda na huko, ikahamia Indonesia, China na Vietnam. Lawama za mfanyakazi ziliishia kwa mwenye kiwanda, jina la Nike likabaki safi.

Mwaka 1992 mwanaharakati Jeff Ballinger alichapisha katika jarida la Harper's karatasi ya malipo ya mwanamke aliyeshona viatu hivyo Indonesia, huku akieleza tarakimu moja baada ya nyingine. Mama yule alikuwa akipata senti 14 za dola kwa saa. Sihitaji kusema raba moja dukani iliuzwa kiasi gani. Mwaka huohuo Cicih Sukaesih na wenzake waligoma wakidai kima cha chini cha mshahara, wakafukuzwa kazi. Mwaka 1996 Cicih alizunguka miji ya Marekani akiwasimulia wanunuzi yaliyomkuta, na ndipo wengi walipoanza kusikia kile ambacho wafanyakazi wa Indonesia walikuwa wakikisema miaka yote.

Yakafuata mengine. Jarida la Life likatoa picha ya mtoto wa Pakistan akishona mpira wenye alama ya tiki. Mwaka 1997 ikavuja ripoti ya wakaguzi ambao Nike yenyewe iliwalipa: katika kiwanda kimoja Vietnam, asilimia 77 ya wafanyakazi walikuwa na matatizo ya kupumua, na hewa ilijaa kemikali za gundi. Mei 1998 Knight alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Washington akakiri kwamba jina la bidhaa zake limekuwa sawa na ujira wa kitumwa. Akapandisha umri wa kuajiriwa katika viwanda vya viatu hadi miaka 18. Mwaka 2005 kampuni ikataja hadharani viwanda zaidi ya 700 vilivyoitengenezea bidhaa. Hatua hiyo naipongeza, lakini haikutoka kwenye huruma ya wakubwa. Ilitoka kwa kina Cicih.

Wakenya nao wana sura yao. Novemba 2015 wanariadha waliingia Riadha House, Nairobi, wakayafunga malango ya shirikisho lao, wakidai viongozi wang'atuke kwa tuhuma za kujichotea fedha za udhamini wa Nike. Kampuni ilikana kutenda kosa. Siku chache baadaye viongozi watatu wakasimamishwa na shirikisho la riadha duniani.

Mwaka 2019 ikawa zamu ya akina mama. Alysia Montaño na Allyson Felix, wakimbiaji wa Marekani, walieleza jinsi mimba ilivyohatarisha malipo yao. Agosti ya mwaka huo Nike ikaahidi kutokata malipo ya mwanariadha kwa miezi 18 ya ujauzito na uzazi. Felix alikuwa amekwishaondoka. Kwenye Olimpiki ya Tokyo alikimbia na viatu vya chapa aliyoianzisha mwenyewe, akarudi na medali mbili.