Tabaka la Dirisha: Hotuba kwa Mahafali wa Sayansi, Machakos



Nitasema juu ya kipande cha kioo. Mliosoma fizikia mnakijua: unakiosha, unakitumbukiza katika mchanganyiko wa moto wa chumvi ya kadmiamu, thaiourea na amonia, unangoja. Maji yanageuka manjano na utando wa sulfidi ya kadmiamu unashika kioo. Ukiharakisha, unga unatuama, na utando unabambuka ukiupitishia pamba tu.

Utando huo ndio tabaka la dirisha la seli ya sola. Kazi yake ni kuupisha mwanga ufike panapozalishwa umeme, na papo hapo kuupitisha umeme huo. Sasa, umanjano wenyewe ni dalili ya hasara. Pengo la nishati la sulfidi hii, yaani nishati ya chini ambayo mwanga huhitaji ili umezwe, ni elektroni-volti 2.4 hivi, kwa hiyo humeza mwanga wa buluu, na sehemu kubwa ya mwanga unaomezwa pale hatuuoni tena kama umeme. Punguza unene hadi nanometa 50, buluu itapita. Lakini utando mwembamba hivyo hutoboka, na kila tundu huvujisha umeme. Ongeza zinki, pengo litapanuka, lakini ukinzani nao utapanda. Kadmiamu yenyewe ni sumu, ndiyo maana watafiti wengi wamegeukia oksidi ya zinki.

Wazazi, mkimwona mtoto wenu amekesha kwa sababu ya nyuzi tano za joto la mchanganyiko ule, msidhani anachezea muda. Hapo ndipo seli nzuri inapoachana na mbovu.

Mwaka 2019 Kenya ilizindua kituo kikubwa cha umeme wa jua Garissa. Paneli zake zilitoka China. Jua ni letu, ujuzi wa kulivuna tunaununua, nami siridhiki na hali hiyo.

Chuo Kikuu cha Machakos kilipata hati yake mwaka 2016. Bado ni kichanga, na sifa yake mtaijenga nyinyi. Mtakaoendelea na utafiti, andikeni hata majaribio yaliyofeli, pamoja na halijoto na muda, ili anayewafuata asianze upya. Tasnifu zisilale maktabani. Nanyi mtakaofundisha Masinga au Yatta, waonyesheni wanafunzi utando wa oksidi ya zinki, waupime wenyewe. Anzeni muhula huu.