Pengo la Jino, Pengo la Kipato

Maelezo kwa wakazi wa kata kuhusu afya ya kinywa kwa vijana wa Musoma, Bunda na Butiama



Ugonjwa wa kuoza meno hauchagui mwenye nacho wala asiye nacho. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha tabaka gumu la nje la jino mpaka tundu likatokea. Huwa hivyo katika kinywa cha mtumishi wa ofisini mjini Musoma, na huwa hivyo katika kinywa cha kijana anayechimba dhahabu Buhemba. Kinachotofautiana ni mwisho wake. Jino la mmoja huzibwa, la mwingine hung'olewa. Tofauti hiyo huletwa na fedha, umbali, na uwezo wa mtu kuacha kazi kwa siku moja bila nyumba yake kulala njaa.

Vijana wanaojitegemea ndio hasa wanaoumia. Utaratibu wa msamaha wa matibabu unawakumbuka watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Dereva wa bodaboda wa Kiabakari au mvuvi kijana wa Majita hayumo katika makundi hayo. Mtumishi wa umma hukatwa mchango wa bima kila mwezi, na jino likimsumbua huenda hospitali na kadi yake. Aliyejiajiri hutoa fedha mfukoni, na fedha hiyo ndiyo ya mafuta ya pikipiki na unga wa nyumbani. Wa vijijini huongeza nauli, kisha hupoteza kipato cha siku nzima.

Kwa hiyo kijana huahirisha. Hununua dawa ya maumivu katika duka la dawa muhimu, maumivu yakatulia, tundu likabaki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na jino ni mfano wake. Tundu dogo mara nyingi haliumi, na kulizibа ni kazi fupi. Likifika kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu, kuziba kwa kawaida hakutoshi tena. Huhitajika matibabu ya mzizi, ambayo gharama yake ni kubwa na hayapatikani kila mahali. Asiyeyamudu huomba jino ling'olewe. Akiwa na miaka 25 amekwisha kupoteza jino ambalo lingeweza kumtumikia hadi uzeeni. Likiwa la mbele, hata kucheka mbele ya wateja huona haya.

Iwapo shavu au shingo imevimba, mgonjwa ana homa, au ameshindwa kufungua kinywa au kumeza, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kinga huanzia kwenye sukari. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari inayokaribia vijiko vidogo tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari kwa siku, yaani vijiko 12, na ni bora zaidi akibaki chini ya nusu ya hapo. Wanaofanya kazi usiku, ziwani au machimboni, hutegemea soda na vinywaji vya kuongeza nguvu ili wasisinzie. Kunywa kidogo kidogo kwa saa nyingi hudhuru zaidi kuliko kunywa mara moja, kwa kuwa kila funda huamsha asidi upya.

Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye madini ya floraidi, hasa kabla ya kulala. Dawa hiyo si anasa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Mswaki wa mti husafisha, lakini hauchukui nafasi ya floraidi. Ieleweke pia kwamba madoa ya kahawia yatokanayo na floraidi iliyozidi katika maji ya baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa Tanzania siyo kuoza. Mwenye madoa hayo asikubali kung'olewa jino kabla halijachunguzwa.

Kuziba jino hakuhitaji mashine kubwa kila mara. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu walianza kutumia njia ya kuondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme, kisha kulijaza tundu kwa saruji ya meno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa mengine. Kituo cha afya chenye tabibu wa meno aliyefunzwa na vifaa hivyo kinaweza kuokoa meno ya vijana karibu na makwao.

Hapo ndipo sauti ya wananchi inapohitajika. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wao, nayo hushiriki kupanga matumizi ya fedha za kituo. Katika mkutano mkuu wa kijiji, mkazi ana haki ya kuuliza: tabibu wa meno yupo, na huja siku zipi? Anaziba meno, au anang'oa tu? Vifaa vya kuzibia vimo katika mpango wa mwaka ujao?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kijana aliyejiajiri aulize kwa mtendaji wa kata namna ya kujiunga, na aulize waziwazi ni huduma zipi za meno zimo ndani ya kadi. Aulize sasa, na aende kuchunguzwa sasa, wakati jino halijaanza kumnyima usingizi.