Maziwa Mgando na Siha ya Umma

Mjini Mwanza, ambako mwaka 2004 kina mama wa mtaani, wakisaidiwa na wataalamu wa Kanada pamoja na watafiti wetu wa maradhi ya binadamu, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria wateule waitwao Lactobacillus rhamnosus GR-1, ilidhihirika ya kwamba elimu ya maabara yaweza kuhamia jikoni pasipo taabu kubwa. Maziwa huchemshwa, yakaachwa hata yakawa vuguvugu, kisha yakatiwa bakteria na kufunikwa penye joto. Bakteria hao, kwa kuigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, huyagandisha na kuwazuia vijidudu wengi waharibifu wasistawi.

Pamoja na faida hiyo, mtindi huo si dawa ya maradhi, hata ya UKIMWI, wala haustahili kushika mahali pa tiba ya hospitali. Ni chakula bora, chenye protini na madini, kinachowafaa hata baadhi ya wale ambao maziwa matupu huwadhuru tumboni. Lakini kuganda peke yake si dhamana ya usalama, kwa kuwa vijidudu wa ugonjwa wa brusela waweza kusalimika ndani ya maziwa yaliyogandishwa mabichi. Kwa hiyo, enyi ndugu, chemsheni kwanza, ndipo mgandishe.