Kazi ya Mfiwa: Kifo cha Rafiki katika Njia ya Misafara



Oktoba 1873 uliingia Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapa Tabora mjini, msafara usiobeba pembe wala shaba. Ulibeba maiti ya David Livingstone, aliyefariki Mei Mosi mwaka ule kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauviringishia nguo na magome. Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari huko Nashik, India, alisoma sala za maziko, kisha akachonga jina na tarehe kwenye mti ule.

Hapo Kwihara walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wamzike papa hapa Unyanyembe, njia ya mbele ni ya hatari. Walikataa. Walipofika Kasekera, ambako wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao, walifunga mabua mfano wa mwili, wakawarudisha watu nayo Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe ukafungwa upya, ukapita kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Wengi husimulia habari hii kama sifa ya Mzungu. Mimi naisoma kama habari ya wafiwa. Chuma, mmoja wa viongozi wa msafara ule, alikuwa Mkristo aliyebatizwa. Susi, kiongozi mwenzake, hakubatizwa mpaka 1886. Wapagazi wengine walikuwa na dini za kwao. Hakuna aliyemngoja mwenzake wakubaliane marehemu amekwenda wapi. Walikuwa na mzigo wa kubeba, na kila asubuhi mtu alijua zamu yake.

Pembeni ya habari hiyo pana msiba mwingine usiotajwa sana. Msafara ulipoondoka Kwihara, rafiki wa Cameron, daktari Dillon, aliufuata kurudi pwani kwa sababu ya maradhi. Novemba, Kasekera hiyohiyo, akiwa ameshikwa na homa iliyompotezea fahamu zake, alijipiga risasi. Cameron, naye mgonjwa, ndiyo kwanza anaanza safari ya magharibi, akaletewa habari. Hakuosha, hakubeba, hakufukia. Alitembea hadi bahari ya Atlantiki, akafika Novemba 1875.

Huo ndio ukatili wa kifo cha ghafla: kinamkuta rafiki mikono mitupu. Mgonjwa wa muda mrefu unampelekea uji, unamgeuza kitandani, unamwomba radhi. Aliyeanguka ghafla hakukuachia la kufanya, na akili isiyo na la kufanya hurudia swali moja usiku kucha: kwa nini yeye?

Rafiki yangu wa tangu utoto, mwalimu, alianguka alfajiri moja kule Ziba, wilayani Igunga. Ujumbe wa simu ulinifikia nikiwa mbali, na kabla ya magharibi alikuwa amekwisha kuzikwa, kama dini yake inavyoagiza. Nilipofika, mjomba wake hakuniambia nijikaze. Alinipa daftari la rambirambi: “Kaa hapa, mwanangu, uandike.” Nikaandika. Elfu mbili. Debe la mpunga. Mzigo wa kuni. Wanafunzi wa darasa la sita, mia tano tano zilizofungwa kwenye leso. Akaingia mtani wake wa kutoka pwani, akakalia baiskeli ya marehemu, akatangaza kwamba haondoki mpaka alipwe deni lake. Mjane, aliyekuwa hajasema neno tangu jana, akacheka, kisha akalia kwa sauti. Watani ndio waliokuwa ndugu wa mgeni aliyefia njiani enzi za misafara. Kazi yao bado ipo.

Jibu la swali langu sikulipata kwenye daftari lile, wala shehe hakudai kuwa nalo. Alichonifundisha ni kwamba mazishi ni faradhi ya jamii nzima: asipotimiza yeyote, wote wana dhambi. Ni agizo kwa mikono kabla ya kuwa faraja kwa moyo. Mimi nilianza kuweza kuomba dua pale, kalamu mkononi.

Kwa hiyo nina ombi kwa mashehe, mapadri na wachungaji mliomo humu. Wapo wanaofiwa na rafiki aliyekufa kama Dillon, kwa mkono wake mwenyewe, na bado ziko sehemu ambapo sala hupunguzwa, kengele haigongwi, watu huzika haraka na kutawanyika. Hukumu ya marehemu ni ya Mungu. Lakini rafiki yake amebaki amesimama uani, na hakuna aliyempa hata daftari. Msimwache hivyo. Mpeni jembe, mpeni sala ya kusoma, mwekeni apokee wageni.